Kupoza Darasa

Chuoni Luhangano walitufundisha kuitumia Mizani kwa miezi kumi na minane, na kuidanganya kwa dakika arobaini. Ile miezi kumi na minane imeshanitoka kichwani. Dakika arobaini ninazo zote.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kipindi cha pili. Kwenye ratiba kiliandikwa "Teknolojia darasani: vitendo", na mwenye kipindi alikuwa Mkufunzi Hyera, mtu mfupi, mpole, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Sisi walimu tarajali tulikuwa ishirini na sita. Kama ilivyo desturi ya vyuo vya ualimu tangu enzi za chaki, mmoja wetu alikuwa anafundisha na wengine tumejifanya watoto wa darasa la nne, tumebanana kwenye madawati mafupi, magoti karibu na kidevu. Hyera akamkatiza aliyekuwa anafundisha, akamwambia akae. Kisha akachukua ndoo ya kudekia, akaipitisha kati ya meza.

"Vueni tepe zenu, tieni humu."

Tukavua. Utepe ni kitu chepesi, mpira wa kijivu unaovaliwa mkononi kama saa. Unasoma mapigo ya moyo na jasho la ngozi. Darini kuna jicho linalofuata macho ya kila mtoto, linajua nani anatazama ubao na nani anatazama dirisha. Vyote viwili vinapeleka habari kwa Mizani, mtambo unaopima uelewa, na Mizani inawasha taa ndogo pembeni mwa kila meza. Kijani, mtoto ameelewa. Njano, anasitasita. Nyekundu, amepotea. Mwalimu anaziona taa zote kwenye kishikwambi chake, na zikiwa kijani kwa kiwango kinachotakiwa, Mizani inafunga mada. Mada iliyofungwa haifundishwi tena. Michoro yake inafutika ubaoni, vipindi vyake vinahamishiwa mada inayofuata, na mwalimu akiirudia kwa ukaidi anaandikiwa kwamba amewapotezea watoto muda. Waliobuni utaratibu huo hawakuwa wabaya. Waliuliza tu: kwa nini mtoto afundishwe anachokijua?

Hyera aliiweka ndoo nje ya mlango, akafunga.

"Mtoto asiyejua, taa yake inawaka nyekundu kwa nini?"

"Kwa sababu hajui," tukajibu kama kwaya.

"Hapana. Kwa sababu anaogopa kuonekana hajui. Mtambo hauoni kichwa, unaona moyo. Mtoto akitulia, akanyoosha mkono upesi, mtambo unaandika ameelewa. Kwa hiyo kabla mtathmini hajaja, unapoza darasa. Somo lilelile unalifundisha mara tatu, tepe zimevuliwa, maana bila tepe jicho la darini halihesabu kitu, mpaka watoto walichoke. Siku yenyewe wanalisoma kama sala ya asubuhi."

"Na ambao hata mara tatu hawakuambulia kitu?" akauliza mwenzetu mmoja wa nyuma.

"Hao unawafundisha mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wote wanyooshe, tena bila hofu, maana wa kushoto anajua hataulizwa. Wewe unachagua wa kulia tu."

Tulicheka. Hiyo ya mikono bibi zetu waliifanya mbele ya wakaguzi wa enzi zao, kabla Mizani haijabuniwa. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono, wa kulia, nikauliza mada ikifungwa itakuwaje kwa wale wa kushoto.

"Ya mazoezi haifungwi kweli, Mwalimu Ndunguru," Hyera akanijibu. "Ukiwa mwalimu tarajali, Mizani inakuwa kwenye hali ya mazoezi. Inahesabu alama zako wewe, rekodi ya mtoto haiguswi. Ukiondoka, mwalimu wao analirudia somo. Hakuna anayeumia."

Nisimsingizie. Alikuwa akiamini. Alikuwa amefundisha hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa kweli.

*

Nilipangiwa mazoezi Shule ya Msingi Lukanda, juu milimani Mbinga, ambako asubuhi ukungu unaingia darasani bila kubisha hodi. Nilipewa darasa la nne, watoto thelathini na wanane, na mwalimu mlezi aitwaye Gaudensia, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Mada yangu ya kupimwa ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani zile ambazo namba za chini hazilingani. Nusu ukijumlisha na theluthi. Ni mada inayowatoa watoto jasho, na mimi nilikuwa na siku nne tu kabla ya mtathmini.

Siku ya kwanza nilifundisha kwa moyo wote. Naomba hilo liandikwe mahali.

Aliyenishinda zaidi alikuwa msichana wa meza ya tatu dirishani, Otilia Komba, mrefu kuliko wenzake, visigino vimepasuka kwa baridi na shamba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alikuwa anajumlisha juu na juu, chini na chini, kwa uhakika kamili.

"Nusu na theluthi, Otilia."

"Mbili ya tano, mwalimu."

"Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Ulikuwa na nusu mkate, nikakuongezea mwingine, mkate wako ukapungua?"

Akafikiri sana. "Mkate haukupungua, mwalimu. Ila hesabu ndivyo inavyokuja."

Nilimweleza mara mbili, tatu. Nilichora mikate, nikachora machungwa. Kila mara alinisikiliza kwa heshima, kisha akaandika mbili ya tano kwa mwandiko wake mzuri. Walikuwa tisa wa namna yake, lakini wale wanane walikuwa wakibadilisha jibu kila nikikunja uso. Yeye hakubadilisha.

Zilibaki siku tatu. Mwalimu wa kweli angezitumia kwa wale tisa. Mimi nikapitisha ndoo, nikakusanya tepe, nikapoza darasa. Nilirudia mifano mitano ileile mpaka watoto wakaanza kupiga miayo, na wale tisa nikawafundisha kunyoosha mkono wa kushoto upesi, bega limelegea, macho ubaoni. Otilia aliniuliza kama kufanya hivyo si kusema uongo. Nikamwambia ni mchezo wa kumfurahisha mgeni. Mtoto wa darasa la nne ukimwambia hivyo wewe mwalimu wake, anakubali.

Mtathmini kutoka Kanda alikuja siku ya Alhamisi, mwanamume mwenye koti refu na viatu visivyofaa matope yetu. Watoto wakasimama, wakamwamkia, akaitikia, akakaa nyuma. Nilianza somo. Kila swali lilipotoka, mikono thelathini na minane ilikwenda juu kwa pamoja. Nilichagua ya kulia. Majibu yalikuja sahihi, moja baada ya jingine, na kishikwambi changu kikawa kijani kuanzia meza ya kwanza hadi ya mwisho. Otilia alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri ugali uive. Taa yake iliwaka kijani kuliko zote.

"Darasa limepoa vizuri, mwalimu," mtathmini aliniambia mlangoni, akatabasamu. Ndipo nilipojua kwamba naye alipita kwa wakufunzi haohao.

Kwenye kishikwambi paliandikwa: Mada imefungwa, uelewa asilimia tisini na saba. Nikakizima, nikaenda kula.

*

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, nikiwa chuoni naandika ripoti yangu ya mazoezi, Mwalimu Gaudensia alinipigia simu akaniambia nipande Lukanda. Hakusema kwa nini. Nilimkuta ofisini peke yake na kishikwambi chake mezani.

"Nimejaribu kulirudia somo lako," akasema. "Ubao umegoma."

"Umegoma vipi, mwalimu?"

"Unaniambia mada imeeleweka, niendelee na desimali. Nikaandika ukutani kwa mkaa. Nikapewa onyo." Akanisogezea kishikwambi. "Ile hali ya mazoezi mliyokuwa mnaambiwa imeondolewa tangu Januari. Waraka ulikwenda vyuoni. Huko kwenu hamsomi?"

Nikamuuliza kuhusu wale tisa.

"Wanane wanabahatisha. Leo wanapata, kesho wanakosa, wamewekwa njano, wataishi. Otilia habahatishi. Anaandika anachokiamini, kila siku, na kila siku anakosa. Hebu soma hapa."

Nikasoma. Mbele ya jina la Otilia Komba palikuwa na maneno manne: Ana uwezo. Hana nia.

Hapo inabidi nieleze jinsi Mizani inavyofikiri, maana haikukosea hesabu hata moja. Ilimwona mtoto aliyeelewa sehemu kwa utulivu wa ajabu. Kisha ikamwona mtoto huyohuyo akikosa kila kitu kinachojengwa juu ya sehemu, bila hofu, bila kusitasita, moyo umetulia. Mtoto asiyejua angeogopa. Huyu haogopi, basi anajua, na kama anajua na bado anakosa, basi hataki. Mimi ndiye niliyemfundisha asiogope.

"Mgao wa mikondo ni wiki hii au ijayo," Gaudensia akaendelea. "Mwenye alama hiyo hapelekwi mkondo wa kusoma. Anapelekwa stadi."

Mkondo wa stadi ni ushonaji na useremala, katika majengo mengine, chini bondeni. Si kazi za aibu. Lakini aliyekwenda huko akiwa na miaka kumi hajarudi darasani mpaka leo, nami simfahamu hata mmoja aliyerudi.

"Kuna dawa moja tu," Gaudensia akasema. "Tamko la kasoro. Anayelitoa ni aliyefundisha kipindi, si mimi. Unaandika ulichofanya, kipindi kinafutwa, mtoto anapimwa upya. Kalitoe."

"Nitalitoa."

"Lini?"

Nikamsogezea kishikwambi chake. Alikwenda kuwasahihishia watoto madaftari.

*

Nilishuka moja kwa moja kwa Mkufunzi Hyera. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Waraka nilipewa," akasema. "Nikauweka pamoja na mingine. Miaka yote waraka hausemi kitu." Kisha akachukua kitabu cha kanuni, maana alikuwa mtu wa kanuni hata katika udanganyifu, akanionyesha kifungu. Mwalimu tarajali akitoa tamko la kasoro juu ya kipindi chake cha kupimwa, amefeli, na anarudia miaka miwili ya chuo. Mwalimu mwenye cheti akilitoa kwa hiari, hapotezi kitu.

"Cheti chako kinatoka Ijumaa," Hyera akasema. "Leo Jumatatu. Ni siku nne, mwanangu."

"Na mgao ukitoka kabla?"

"Mgao haujawahi kutoka kabla ya Desemba. Nenda kapumzike. Ijumaa saa sita una cheti, saa saba unatamka, mtoto anapona, na wewe ni mwalimu. Kila mtu anapata chake." Akavaa miwani. "Na mimi pia uniangalie. Ukitamka leo ukiwa mwanachuo wangu, swali la kwanza litakuwa nani alikufundisha."

Ningependa kusema kwamba nilibishana naye. Sikubishana. Kwetu Ndunguru wote ni wakulima wa kahawa, na mama yangu alikuwa ameshaanza kuitwa Mama Mwalimu kanisani kabla hata sijamaliza mwaka wa kwanza. Nilijua ninachopima: upande mmoja mtoto wa watu, upande mwingine miaka yangu miwili na jina la mama yangu. Nilijua pia ni upande upi mzito. Nikaambiwa ningoje, nikafurahi kuambiwa.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema matumbo ya nani.

*

Dhamiri ilinisumbua kiasi cha kunipandisha tena mlimani siku ya pili, Jumanne alasiri. Nilijiambia kwamba wakati nikingoja, walau nimfundishe Otilia sehemu huko nje, ambako hakuna ubao wa kugoma.

Nilimkuta shambani kwa mama yake na jembe. Watu wa milima ile hulima ngolo, mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu kwenye mteremko, maharage yakipandwa kwenye kuta za udongo kati ya shimo na shimo, ili mvua isiondoke na ardhi. Otilia alikuwa ndani ya shimo hadi magotini. Akaniamkia, akapanda juu, akafuta mikono kwenye gauni.

"Haya yote unalima wewe?" nikamuuliza, kwa kuanzisha mazungumzo tu.

"Hapana, mwalimu. Safu hizi ni mashimo kumi na mawili. Nusu ya mama. Theluthi ya bibi, maana mgongo unamuuma. Yanayobaki yangu."

Nikazihesabu safu kwa macho. "Yako mangapi?"

"Mawili. Mama sita, bibi manne, hayo kumi. Kumi katika kumi na mawili." Akayatazama. "Ukiyachukua mawili mawili ni tano katika sita. Yangu ni ile moja."

"Otilia. Nusu na theluthi ni ngapi?"

Alianza kusema mbili ya tano. Nilimwona mdomo ukianza. Kisha akageuka akatazama shamba, akatazama tena, na mimi nikaona kile ambacho nilisomea miezi kumi na minane bila kukiona, mtoto akielewa. Hakuna taa iliyowaka. Aliketi ukingoni mwa shimo.

"Kumbe ndiyo hii," akasema taratibu. "Mwalimu, kumbe ndiyo hii hesabu? Hii mbona naijua."

Nilimpa nyingine, robo na theluthi. Akahesabu mashimo, saba katika kumi na mawili. Nikampa nyingine tena. Alicheka. Mama yake alitoka na kikapu cha viazi, akanishukuru kwa kumfuata mtoto hadi shambani, akasema walimu wa siku hizi hawana moyo huo. Nikala kiazi chake, nikashuka.

Njiani nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea aibu kuliko yote. Nilikuwa nimeshajisamehe. Anajua sasa, nikawaza, basi kilichobaki ni makaratasi. Nilisahau kwamba nchi yetu ilikuwa imeshaacha kumuuliza mtoto anajua nini. Ilikuwa inauliza karatasi.

*

Mgao ulitoka Jumatano saa nne asubuhi. Mizani haikungoja Desemba, maana mwaka huo iligawa kila darasa wiki chache baada ya kufunga mada za kutosha, na mada iliyokamilisha idadi kwa darasa la nne Lukanda ilikuwa yangu. Ishirini na tisa mkondo wa kusoma. Tisa mkondo wa stadi, hata wale wanane wa njano, kwa udhaifu, Otilia kwa kukosa nia. Gaudensia alinitumia orodha.

Ningeweza kutamka siku hiyohiyo. Nikajiambia madhara yameshatokea, siku mbili hazitaongeza wala kupunguza. Ijumaa saa sita nilipanda jukwaani, nikapokea cheti kutoka kwa mkuu wa chuo, mama yangu akapiga vigelegele. Saa saba nilikuwa kwenye ofisi ya chuo naandika tamko. Niliandika kila kitu: ndoo, somo mara tatu, mikono, majina ya wale tisa. Penye swali la nani alikufundisha, nilitaja. Nisingetaja, wasingenisadiki.

Majibu yalikuja baada ya siku sita, barua tatu.

Ya kwanza ilinihusu mimi. Kanda ilinipongeza kwa uaminifu wa hali ya juu. Walikuwa wameshuku kwa miaka mingi kwamba madarasa yanapozwa, ila hawakuwahi kupata mwalimu wa kuwaeleza namna. Niliteuliwa mkufunzi msaidizi, nifundishe walimu tarajali jinsi ya kuitumia Mizani bila kuidanganya, na niisaidie Mizani yenyewe kuutambua mkono wa kushoto.

Ya pili ilimhusu Hyera. Alipewa siku mbili kuondoka. Alipokuwa anafunga vitabu vyake nilikwenda kumwomba radhi, akanipa ufunguo wa kabati. "Hongera, mkufunzi," akasema, na sidhani alikuwa ananikejeli. Alikuwa na desturi ya kumpongeza kila anayefaulu.

Ya tatu ilihusu darasa. Kipindi kimefutwa, kwa hiyo uelewa wa sehemu kwa watoto wote thelathini na wanane umefutwa. Maneno "hana nia" yameondolewa mbele ya jina la Otilia Komba. Nilipofika hapo nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikaendelea kusoma. Mahali pake pameandikwa "hajapimwa", yeye na wenzake wote. Na kwa kuwa baada ya mgao darasa halipimwi tena, na asiyepimwa hawezi kushika nafasi ya mkondo wa kusoma, watoto wote thelathini na wanane watahamia stadi, mpaka litakapotolewa agizo jingine.

Ningetamka Jumatatu kabla ya mgao, lisingekuwapo la kuhamisha. Kipindi kingefutwa, wangepimwa upya, basi. Nimeisoma kanuni hiyo mara nyingi tangu siku ile. Ilikuwa katika kitabu kilekile cha Hyera, ukurasa unaofuata, na mimi niliposhaona kifungu kinachonihusu sikufunua tena.

*

Nimefundisha Luhangano mwaka mzima sasa. Nafundisha vizuri, waulize wanachuo. Agizo jingine halijatolewa. Nimeandika barua saba, na kila barua inajibiwa kwa adabu.

Juzi nilipeleka wanachuo wangu kuyatembelea majengo ya stadi, ni sehemu ya mtaala. Wale wa Lukanda wapo kwenye useremala. Walisimama wote kuniamkia. Sikutegemea kwamba wangenikumbuka kwa jina. Otilia alikuwa kwenye benchi la mwisho anapima ubao wa rafu, amezidi kurefuka. Mmoja wa wanachuo wangu, kijana mwenye kujua, akataka kumjaribu. Akamuuliza ubao ukikatwa nusu, kisha theluthi ya ubao mzima, kinabaki nini.

"Moja ya sita," akajibu bila kuinua penseli. "Ila toa na unene wa msumeno."

Mwanachuo akanigeukia, anashangaa. "Mkufunzi, huyu mbona yupo huku?"

Nikawaambia wanachuo watangulie kwenye cherehani. Otilia akangoja mpaka wametoka. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikera, maana hasira ningejua la kuifanya.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Mimi nilikosa wapi? Nimerudia zote. Nusu na theluthi, robo na theluthi, zote zile za shambani. Sioni nilipokosa. Na wenzangu waliokuwa wanapata tangu mwanzo, wao walikosa wapi?" Akashusha sauti, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa. "Ukinionyesha nitasahihisha."

Nilikuwa na cheti, nilikuwa na ufunguo wa kabati, nilikuwa na barua ya pongezi ya Kanda. Nikamwambia mtambo ulikosea.

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini, kama alivyoniamini siku zote. "Pole, mwalimu," akasema, na akarudi kwenye ubao wake.